Gogo Moja la Tunduma

Ndugu zangu wa Tunduma, nanyi wa Vwawa, Chitete, Itumba na Mkwajuni, nina ombi. Linaanzia kwenye kinyago, kwa hiyo nivumilieni kidogo.

Bila shaka mmewahi kukiona: nguzo nyeusi ya mpingo, watu wamepandana, huyu kakanyaga bega la yule, mikono imepitana hata hujui upi wa nani. Wengi tunakiita ujamaa. Wachongaji wa Kimakonde walikuwa na jina lao, dimoongo, yaani nguvu. Inasimuliwa kwamba mwishoni mwa miaka ya 1950 Roberto Yakobo Sangwani, Mmakonde aliyetoka Msumbiji, alichonga bingwa wa mieleka akiwa amebebwa juujuu na wenzake. Jina la ujamaa lilikuja baadaye, siasa ya Mwalimu iliposhika kasi.

Basi kinyago tunachompa mgeni ili aone umoja wa Watanzania kilianzia mkononi mwa mtu aliyetoka ng'ambo ya Ruvuma. Kwingine jambo hilo lingeshangaza. Hapa kwetu, ambapo Mnyamwanga anavuka mpaka kwenda Nakonde, upande wa Zambia, kumzika shangazi yake na kurudi kabla ya giza, nani atashangaa?

Kinachonivuta zaidi ni ufundi wenyewe. Gogo ni moja. Hakuna gundi wala msumari, na mtu aliyesahaulika habandikwi baadaye. Kila mmoja lazima atengewe nafasi yake tangu patasi ya kwanza. Na yule wa chini kabisa, aliyewabeba wote, ukimkata, hubaki na kinyago.

Wazungu nao waliwahi kufanya jambo la jamaa na hili. Mwaka 1642, mjini Amsterdam, Rembrandt alimaliza picha kubwa ya mgambo wa mji, wenyewe wakiwa wameichangia, kila mmoja kwa wastani wa gilda 100 hivi. Hakuwapanga mstari kama wanaosubiri kupigwa picha ya pasipoti. Aliwachora katika pilikapilika: kapteni anatoa amri, mwingine anashindilia baruti, mbwa anaibwekea ngoma. Katikati yao kuna kasichana kaliko na kuku kiunoni, na kucha za kuku huyo ndizo alama ya kikosi. Picha nzuri mno. Ila mchango ulipanda na kushuka kwa kadiri mtu alivyoonekana, na hapo ndipo mimi na Rembrandt tunapoachana.

Ombi langu ni hili: tuchange, tuchongewe dimoongo yetu, isimame mahali ambapo kila anayeelekea mpakani ataiona. Mkoa wetu wa Songwe ulizaliwa mwaka 2016 tu, ukikatwa kutoka Mbeya. Alama yetu mashuhuri ni Kimondo cha Mbozi, na hicho, tuseme ukweli, kilidondoka chenyewe. Hatukukitolea jasho.

Mchango uwe mdogo, wa kumudu hata muuza karanga, na atakayetoa milioni asiongezewe uso. Mti uvunwe kwa kibali; mpingo ukikosekana, mninga hauna aibu. Mchongaji atafutwe miongoni mwa Wamakonde wenyewe, naye aje akae kwanza wiki mbili na kuangalia watu kabla ya kushika tezo.

Atawaona. Wakala wa forodha na makaratasi yake kwapani, kijana wa bodaboda, mbadilisha fedha na furushi la kwacha, mkulima wa kahawa wa Mbozi, mchimba dhahabu wa Songwe, fundi wa reli ya TAZARA, mama aliyejitwika beseni akikatiza katikati ya foleni ya malori. Dereva wa Lubumbashi naye awemo, maana siku anazokwama hapa huwa mkazi kama sisi.

Mkutano wa mtaa ujao, mwombeni mwenyekiti aliweke jambo hili kwenye ajenda, na mje na jibu la swali moja: nani akae chini kabisa, awabebe wengine? Mimi nilisema utingo, anayelala chini ya lori ili mzigo wa watu usiguswe. Mke wangu akacheka. Akaniuliza, huyo utingo asubuhi anakula kwa nani, tena kwa mkopo? Sasa tunabishana kuhusu mama lishe, na nyumbani kwetu kura ni moja kwa moja.