Mdogo wangu alijua jibu

Mdogo wangu anasoma informatika. Alijitayarisha miezi minne kwa mahojiano ya kazi katika kampuni kubwa ya teknolojia ya ng'ambo. Kila usiku mazoezi ya programu, peke yake, kimya. Siku yenyewe umeme ulikuwapo, intaneti ilikuwapo (mwenye kuishi huku anajua kwa nini nalitaja). Akaanguka. "Yaya, jibu nilikuwa nalijua," aliniambia. "Nilikosa la kusema."

Namwamini. Katika kampuni kama Google, kikao kimoja huchukua kama dakika 45. Mtu hupewa tatizo, naye hutakiwa aseme anachofikiri huku akiandika: swali amelielewaje, kwa nini amechagua njia hii, itachukua hatua ngapi. Akinyamaza muda mrefu, hata programu yake ikiwa sahihi, mhoji amepata nini cha kupima?

Kueleza wazo kwa sauti ni kazi ya kitivo chetu. Basi tulianza upya nyumbani, kwa Kiswahili. Nilimpa kamusi: nitafutie neno "ndoto". Akafungua katikati, akaangukia K, akaiacha nusu ya kwanza yote. Akagawa tena, na tena. "Eleza unachofanya," nikamwambia. Akaeleza: ukipitia moja moja maneno 1,000, huenda ukayasoma yote; ukigawa nusu kwa nusu, hatua 10 zinatosha, na kwa maneno 1,000,000, hatua 20. Kisha akasita. "Na kama maneno hayakupangwa?"

Swali la namna hiyo ndilo mhoji hupenda kusikia kabla mtu hajaandika mstari hata mmoja. Miezi minne ya kimya haikumfundisha kuuliza. Akarudia yote kwa Kifaransa, halafu kwa Kiingereza. Kiingereza kilikuja na makosa, lakini kilikuja.

Mwalimu wetu mmoja ananipinga: mahojiano ni kwa Kiingereza, Kiswahili cha nini? Kweli, Kiingereza hakikwepeki; hata kitabu cha Gayle Laakmann McDowell, ambacho wengi hujitayarishia, kimeandikwa kwa Kiingereza. Ila wazo lisilopangika katika lugha ya nyumbani litagugumia katika ya kigeni pia.

Waalimu wetu, naomba chumba kimoja, Jumamosi asubuhi, chenye ubao na chaki. Wanafunzi wa informatika waje na matatizo yao, sisi tuwaulize "kwa nini?" mpaka waeleweke. Mdogo wangu anaomba kazi tena mwaka huu, na wenzake watatu wameshaniuliza tunaanza lini.