Muziki mtamu, risiti iko wapi?

Jumapili iliyopita nilikuwa napangua santuri za marehemu mjomba, mara nikakutana na boksi la santuri tatu. Juu kuna picha ya mtoto kakondeana, kakaa na bakuli lake la chakula. Nikasema loh, kumbe bado lipo!

Wewe uliyezaliwa juzi, nikupe stori. Mwaka 1971 Bangladesh ilikuwa bado Pakistan ya Mashariki. Kimbunga cha Novemba 1970 kilishaua watu kibao, halafu vita nayo ikaingia, mamilioni wakakimbilia India. Ravi Shankar, yule fundi wa sitar, akamlilia rafiki yake George Harrison wa Beatles. Harrison akashika simu: Ringo Starr, Eric Clapton, Billy Preston, hadi Bob Dylan. Agosti 1, 1971, Madison Square Garden, New York, maonyesho mawili siku moja, watu kama 40,000.

Kichekesho ni pale Shankar na wenzake walipokaza nyuzi zao. Watu makofi! Walidhani ndiyo wimbo. Mzee akawaambia kistaarabu kwamba kama wamependa hilo, muziki wenyewe utawapendeza zaidi.

Kiingilio kilileta dola 243,418.50, zikaenda UNICEF kwa ajili ya watoto. Santuri zikatoka, zikauzwa, na mwaka 1973 zikanyakua Grammy ya albamu bora. Mambo safi, au siyo?

Thubutu! Hakuna aliyekumbuka kuliandikisha onyesho mapema kama la hisani. Watu wa kodi wa Marekani wakashika mafaili, na mamilioni ya santuri na filamu yakakwama miaka kumi hivi. Uingereza nako walitaka chao. Mwaka 1973 Harrison akaandika hundi ya pauni milioni moja. Pesa zilifika baadaye, lakini hebu fikiria: mtoto wa miaka miwili wa 1971 alikuwa keshaota ndevu.

Wala siwacheki. Mimi mwenyewe niliwahi kuwa mweka hazina wa kamati ya dansi la kununulia watoto yatima magodoro. Ukumbi ulifurika, tulicheza hadi majogoo. Asubuhi mwenye ukumbi anadai, mwenye vyombo anadai, soda hazina risiti. Ikabaki pesa ya magodoro manne, na watoto walikuwa ishirini na mmoja. Nikayapeleka mwenyewe. Mama mlezi akaniambia, "Asante mwanangu, watalala kwa zamu." Mpaka leo neno lile linaniuma.

Kwa hiyo jamani, mkiitisha mchango, kabla hamjatafuta bendi tafuteni daftari, kalamu, na mtu anayezijua sheria. Moyo mzuri tunao wengi. Njaa ya mtoto haingoji mahesabu yetu.

Haya, naenda kugeuza santuri upande wa pili. Tukutane wiki ijayo!