Bibi Harusi Unayekwenda Baridini, Usiitazame Theluji Dirishani



Leo nina neno ambalo pengine litawaudhi baadhi ya mama zetu na masomo wetu. Watoto wetu tunaowaozesha ughaibuni tunawapeleka bila ya matayarisho. Mimi ni fundi wa nguo za harusi, na sanduku la bibi harusi mara nyingi hupita mbele ya macho yangu kabla halijafungwa. Ndani nakuta madira kumi na mbili, doti za kanga, udi, chetezo, viatu vya kumetameta. Bwana yuko London, au Toronto, au Stockholm, na safari ni mwezi wa Novemba. Koti hamna. Soksi jozi mbili, nyembamba kama za skuli. Nikiuliza najibiwa, "Atanunuliwa na mumewe hukohuko." Na somo naye keshamaliza kazi yake: kamfunza kujisinga, kufukiza, kumpokea mume, na kukaa ndani akatulia.

Hilo la kukaa ndani ndilo ninalogombana nalo.

Mdogo wangu aliolewa London mwaka 2017. Mwisho wa Februari 2018 nilikuwa kwake, nimekwenda kumtazama. Mumewe kijana mwema, mpole, ana dini yake, lakini kazi yake ya usiku. Akirudi asubuhi analala, akiamka anaondoka. Mdogo wangu alikuwa hatoki. Duka la pembeni, basi. Dirisha la fleti yao, ghorofa ya nne, ndilo lililokuwa dunia yake. Mama akimpigia simu anajibu, "Sijambo, Alhamdulillah," nasi Unguja tunatuma maua na mioyo kwenye kundi la familia. Nilipomwona, uso umemkauka, usingizi wa mchana, maneno machache. Yule msichana aliyekuwa akichekesha nyumba nzima!

Wiki ile ikaanguka theluji ambayo Waingereza wenyewe waliisimulia. Upepo ulitoka upande wa Siberia, magazeti wakaupa jina la Mnyama kutoka Mashariki. Skuli nyingi zikafungwa, treni zikachelewa. Mdogo wangu akavuta pazia. Mimi nikamwambia vaa, tunatoka. Shemeji tulimwomba ruhusa, akatoa kwa furaha, na glavu zake akatupa.

Tukenda Regent's Park. Kwa asiyeijua, ni bustani ya karibu ekari 400 ndani ya jiji, Forodhani yetu ingeingia humo mara nyingi ikabaki nafasi. Na ukingoni mwake upo Msikiti Mkuu wa London, uliofunguliwa mwaka 1977, wenye kuba la rangi ya dhahabu. Tuliswali Adhuhuri pale kisha tukatoka, na hatua chache tu tukawa tumeshaingia bustanini kwenye ziwa lao la mashua. Nikageuka nyuma. Kila kitu cheupe, miti mieupe, mbingu nyeupe, na lile kuba peke yake linang'ara. Picha ile ninayo mpaka leo, ingawa simu yangu ya wakati ule haikuitendea haki.

Mdogo wangu akainama, akateka theluji kiganjani, akaitazama. "Dada, kama chicha."

Wallahi ilikuwa chicha kweli! Chicha ya nazi iliyokamuliwa ikakauka, imemwagwa nchi nzima. Na ukiikanyaga inalia kama hariri ngumu ya gauni la harusi unapoikunja mezani. Nyingine yote kimya. Jiji lenye watu zaidi ya milioni nane na unasikia pumzi yako. Nami nikagundua kitu kilichonichekesha: hakuna aliyekuwa akitutazama. Wake kwa waume wamefunika vichwa, shingo, midomo, wamebaki macho tu. Siku ile London nzima ilivaa ninja.

Tukapanda mpaka Primrose Hill, kilima kilicho upande wa kaskazini wa bustani, ambako watoto na watu wazima walikuwa wakiserereka kwa chochote walichokipata, mpaka masinia ya jikoni. Bibi mmoja wa Kizungu akatuazima la kwake. Mdogo wangu akakataa, akakataa tena, kisha akakusanya buibui lake, akakaa. Akateremka huku akipiga kelele za "Ya Rabbi!" kilima kizima. Chini kule akalala chali akicheka, na kicheko kile sijakisikia tangu usiku wa hina yake. Akapanda tena. Alipanda mara sita, nilihesabu, maana mimi mara moja ilinitosha.

Sasa najua yatakayosemwa. Mwanamke wa heshima na masinia kilimani! Dada zangu, Mtume wetu, swalla Llahu alayhi wa sallam, alishindana mbio na Bibi Aisha safarini, baada ya kuwaambia watu watangulie. Mara ya kwanza Bibi Aisha akashinda, miaka baadaye akashinda yeye, akamtania kuwa hii kwa ile. Ndiyo ndoa hiyo, na ndiyo heshima hiyo. Stara inataka uvae vizuri, uhifadhi swala yako, mumeo ajue uliko. Haikutaka uoze ndani ya fleti. Na theluji si kitu kigeni katika dini yetu. Katika dua ya kufungulia swala, na katika ile tunayomwombea maiti, yamo maneno ya kuomba kuoshwa madhambi kwa maji, theluji na barafu. Nimeyasoma tangu chuoni, lakini nilipoyasoma Alasiri ile, vidole vyangu bado vikiuma baridi, ndipo nilipoona weupe unaoombwa.

Kuna na jambo la afya, nalo watu hulipuuza. Disemba London jua linazama kabla ya saa kumi jioni. Hujaimaliza Alasiri vizuri, Maghribi hiyo. Serikali ya Uingereza inashauri watu watumie vitamini D mikrogramu 10 kwa siku msimu wa baridi, na wenye ngozi nyeusi au wanaojifunika muda wote, yaani sisi mara mbili, wafikirie kuitumia mwaka mzima. Ukiwa na mimba, au unatumia dawa, muulize mkunga wako. Ukisikia huzuni isiyokwisha, sema, usimjibu mama yako "sijambo".

Haya, nguo, maana ndiko kazi yangu iliko. Buibui la kuburuza usivae kwenye theluji. Upindo unalowa, maji yanapanda mpaka magotini, na ukiukanyaga unaanguka. Upandishe mpaka kifundoni, ndani uvae suruali ya joto na buti, stara yako inabaki palepale. Pamba usiivae kugusa mwili, inanyonya jasho na kubaki baridi. Sufu hukupa joto hata ikiwa na unyevu. Nguo tatu nyepesi zilizopandana zinashinda moja nzito, kwa sababu joto linakaa katikati yake. Ushungi wa hariri utakuponyoka na upepo, uvae wa jezi, pini mbili zatosha.

Udhu usikutishe. Dini ina ruhusa ya kupaka maji juu ya khofu, mchana na usiku mmoja kwa mkaazi, siku tatu kwa msafiri, madhali umezivaa ukiwa na udhu kamili. Masharti ya khofu yenyewe waulize mashekhe wako kabla hujaondoka, kwa sababu si kila soksi ni khofu. Mbwa watakuja kukunusa, simama tu, mwenyewe atamwita. Na ziwa likiganda usilikanyage hata ukiona bata wamesimama juu yake. Januari 1867 barafu ya ziwa hilohilo la Regent's Park ilipasuka chini ya mamia ya watu, wakafa 40, na baadaye ziwa likapunguzwa kina.

Na nyinyi mabwana harusi, najua mnasoma humu kwa simu za dada zenu. Mwezi wa kwanza mtoe mke wako. Mwonyeshe basi, msikiti, bustani, mwonyeshe njia ya kurudi peke yake. Ni bei ya nauli tu.

Mimi kibiashara nafaidika mkishona madira kumi na mbili. Lakini mashoga, shoneni manane, za manne nunueni koti lenye bitana na buti za mpira. Wenye safari za Novemba leteni mabuibui mapema tupandishe mapindo. Msingoje wiki ya harusi, wiki hiyo sipokei kazi ndogondogo.