Mbunge Aliyechaguliwa Akiwa Rumande

Wako wenzetu wanaoamini kwamba nchi ikishapata vyama vingi, mabwana wakubwa wa mashinani watatoweka kama umande juani. Kwa hao naleta habari za Yen Ching-piao wa Taiwan. Mnamo Desemba 1, 2001, wapiga kura wa wilaya ya Taichung walimchagua kuwa mbunge hali yeye yumo rumande akikabiliwa na mashtaka ya ufisadi. Hapakuwa na wizi wa kura. Chama cha upinzani kilikuwa kimekwisha kutwaa urais mwaka 2000, na magazeti yalikuwa huru. Watu walimtaka.

Walimtaka kwa sababu gani? Chini ya sheria ya kijeshi, kuanzia 1949 hadi 1987, chama cha Kuomintang kilitawala vijiji kwa kutumia makundi ya wenyeji. Katika Taichung yalikuwapo mawili, Jekundu na Jeusi. Makundi hayo yaliletea chama kura, nacho kikayalipa kwa mikopo, zabuni na leseni. Ushindani ulipofunguliwa, makundi hayakufa. Bei yao ilipanda, kwa maana sasa mwenye kura elfu kumi mkononi alibembelezwa na zaidi ya mnunuzi mmoja. Yen, aliyepata kuwa spika wa baraza la wilaya hiyo, alisimama nje ya vyama viwili vikuu huku akitembea bega kwa bega na Kuomintang.

Tena alikuwa mwenyekiti wa hekalu la Jenn Lann mjini Dajia, makao ya Mazu, mungu wa kike wa mabaharia. Kila mwaka sanamu yake hubebwa kwa siku tisa, zaidi ya kilomita 300, na umati mkubwa hufuata kwa miguu. Marais na wagombea hufika kugusa machela yake mbele ya kamera. Sisi wa kanisani tusiharakishe kucheka. Nasi tunajua ni nani huketishwa kiti cha mbele siku ya mchango. Mwenyekiti wa hekalu huenda mazishini, husuluhisha magomvi, humtafutia kijana kazi. Mjane aliyefarijiwa hivyo hatamwacha mfadhili wake kwa ajili ya hati ya mashtaka.

Kama mwanasheria, lawama yangu ya kwanza naielekeza mahakamani. Kosa lenyewe lilikuwa jepesi kueleweka: akiwa spika, karibu dola milioni 20 za Taiwan, fedha za baraza, zilitumiwa katika vilabu vya starehe vyenye wahudumu wa kike. Hukumu ya mwisho, kifungo cha miaka mitatu na nusu, ilitoka Novemba 2012. Kwa zaidi ya miaka kumi mtuhumiwa alikuwa akitunga sheria. Alipopoteza kiti, uchaguzi mdogo wa Januari 2013 ulimpa mwanawe, Yen Kuan-heng, ushindi wa kura elfu moja na mia kidogo.

Lakini lililonichoma hasa ni la Mei 31, 2013. Siku hiyo, ya mwisho ya kikao, Bunge lilipitisha marekebisho ya Sheria ya Uhasibu ya kufuta makosa ya aina hiyo ya matumizi. Baba alikuwa ameingia gerezani miezi michache tu kabla yake, na kila mtu alielewa ni nani angefunguliwa mlango. Mapatano yalifanywa faraghani baina ya vyama, na chama cha upinzani, kile kilichozaliwa katika harakati za kudai demokrasia, kilikuwamo mezani. Kisingizio kilikuwa maprofesa waliochunguzwa kwa stakabadhi za utafiti. Kwa haraka yao waandishi waliliacha neno la kuwataja walimu, hivyo maprofesa wakabaki nje na madiwani wakaingia. Ghadhabu ya umma ilipolipuka, viongozi wa pande zote mbili waliomba radhi, serikali ikairudisha sheria ile, na Juni 13 Bunge likaitupa.

Basi wananchi wale wale waliodhaniwa kuwa wamenunuliwa ndio waliowakemea watetezi wao. Kwa hiyo sikubali kuambiwa kwamba mpiga kura ndiye mwenye kuoza. Mnamo 2020 watu wa jimbo hilo walimwangusha mwana na kumchagua Chen Po-wei, kijana wa chama kidogo. Oktoba 2021 walipiga kura ya kumwondoa Chen kabla ya muda wake. Januari 2022 mwana alishindwa tena, safari hii na Lin Ching-yi. Januari 2024 alimshinda Lin, akarudi bungeni, wakati dada yake, Yen Li-min, alikuwa naibu spika wa baraza la jiji la Taichung.