TUJIFUNZE: Kuona kitu kilichofichama chini ya jiwe

Kijana mmoja wa sekondari anatuuliza: jicho halipenyi jiwe, sasa watu wa siansi wanajuaje atomu moja iko wapi ndani yake? Ulizo zuri.

Mzee yeyote wa mugodi atamusaidia. Huku Katanga, mbele ya kuchimba, watu walitazama kilima: miti hakuna, lakini ua la shaba linaota. Shaba yenyewe hawakuiona, waliona alama yake juu. Na hapa ni vile vile.

Mwaka 1981, mule Zürich, Gerd Binnig na Heinrich Rohrer wa IBM walitengeneza mikroskopi isiyotumia mwangaza. Iko na sindano, ncha yake ni atomu moja. Inakaribia jiwe bila kuligusa, na umeme kidogo unaruka katikati. Ukiisogeza sehemu moja ya 10 ya nanometa tu, umeme unapunguka karibu mara 10. (Milimeta moja ni nanometa 1.000.000!) Mwaka 1986 walipewa Nobel.

Sasa, mawe ya radio na telefone, kama silisiumu, hayapitishi umeme vizuri mpaka watu wayatie uchafu kwa kipimo, pengine atomu moja ndani ya milioni. Sisi uchafu tunautupa. Kule ndio unaofanya kazi.

Katika miaka ya 1990 walipasua jiwe la galiumu na arsenike mahali pasipo na hewa, ili uso wake ubaki safi, wakapitisha sindano. Kumbe, vilima vidogo! Atomu ya uchafu iko na chaji. Inavuta ao kusukuma elektroni, hata zile za juu. Ikiwa karibu, kilima kinasimama. Ikiwa tabaka chache chini, kinalala na kupanuka. Zinki, ndugu ya ile ya Kipushi, inaonekana kama pembetatu. Manganezi, tunayoijua toka Kisenge, iko kama kipepeo. Lakini tusidanganyane: ile si sura ya atomu, ni ya elektroni zake.

Mwaka 2012, kule Sydney, kundi la Michelle Simmons lilitumia sindano ya namna hii kutengeneza transista ya atomu moja ya fosfori. Hapo atomu ikikaa pabaya, kazi yote imekufa.

Na sindano? Mara nyingi ni waya wa wolframu, ile inayochimbwa Kivu. Inaharibika upesi, na fundi anapoteza siku nzima kuinoa.