Bunia: Polipi ya kifuko cha nyongo yatia hofu, homa ya ini B yasahauliwa

Mgonjwa anayetoka chumba cha ekografi mjini Bunia na neno "polipi" kwenye karatasi yake hufika nyumbani akiwaza kansa. Polipi ni kinyama kidogo kinachoota ndani ya kifuko cha nyongo, na mara nyingi ni mafuta ya kolesteroli tu yaliyoshika ukutani. Waganga huanza kufikiria upasuaji kinapofika milimita 10. Chini ya hapo wengi huangaliwa tu kwa ekografi nyingine, isipokuwa kama mgonjwa ana dalili au hatari ya ziada.

Hofu hiyo imeongezwa na tafiti za China na Taiwan, ambazo baadhi zinasema wenye virusi vya homa ya ini B hupatikana na polipi zaidi kuliko wengine. Tafiti nyingine hazikuona hivyo. Huko watu wengi hupimwa ekografi hata wakiwa wazima, na homa ya ini B ilikuwa imeenea sana. Kukuta vyote viwili kwa mtu mmoja hakuonyeshi kwamba kimoja kimezaa kingine. Bunia ekografi hulipiwa na familia, mara nyingi maumivu yakiwa yameshaanza. Hesabu za Asia haziwezi kunakiliwa hapa.

Jambo la kuangalia ni jingine. Homa ya ini kali inaweza kunenepesha ukuta wa kifuko cha nyongo, na asiyepima damu anaweza kudhani kifuko chenyewe ndicho kinachougua. Hapo mtu anaweza kupasuliwa bure.

Kinachoua ni ini. Shirika la Afya Duniani (OMS) lilitangaza mwaka 2024 kwamba watu milioni 254 wanaishi na homa ya ini B, na kwamba aina B na C ziliua watu milioni 1.3 mwaka 2022. Katika ripoti hiyo Afrika ilikuwa na asilimia 63 ya maambukizi mapya ya B, lakini ni asilimia 18 tu ya watoto wake waliokuwa wakipata chanjo siku ya kuzaliwa. Siku hiyo ina uzito: watoto 9 kati ya 10 wanaoambukizwa wakati wa kuzaliwa hubaki na virusi kwa muda mrefu, lakini kwa watu wazima hawafiki 5 kati ya 100.

Kongo imekuwa ikitoa chanjo hiyo ndani ya pentavalenti, kwa wiki ya 6, ya 10 na ya 14. Kwa miaka mingi dozi ya siku ya kwanza haikuwamo katika kalenda. Mama mjamzito hupimwa Ukimwi. Homa ya ini B mara nyingi hapana, na si ajabu mtu kuijua siku anapotoa damu kwa ajili ya ndugu yake.

Taiwan ilianza mwaka 1984 na watoto wa mama wenye virusi, kisha 1986 watoto wote. Katika miaka 15 watoto wenye virusi walishuka kutoka karibu 10 kati ya 100 hadi chini ya 1, na kansa ya ini kwa watoto ikapungua.

Baridi haiwezi kuwa kisingizio Ituri. Wakati wa Ebola, 2018 hadi 2020, jimbo lilipokea chanjo inayotunzwa kwenye nyuzi 60 chini ya sifuri. Hii inahitaji friji ya kawaida, nyuzi 2 hadi 8. Kuhusu pesa, Gavi ilifungua mwaka 2024 msaada kwa nchi zinazotaka dozi hiyo. Kigumu ni saa 24. Mama aliyekimbia vita Djugu anaweza kujifungulia njiani au chini ya hema, kama zile za Kigonze. Hata penye chumba cha kujifungulia, vituo vingi huchanja siku maalumu za wiki, na BCG hungoja watoto watoshe kabla chupa haijafunguliwa. Mtoto aliyezaliwa Jumamosi usiku akingojeshwa hadi Jumatano, saa zake zimekwisha kupita.