Kuonja Kabla ya Kuchagua

Tangu mwaka 2012 Chuo Kikuu cha Ufundi cha Berlin, Ujerumani, kina mpango uitwao MINTgrün. Kwa mihula miwili kijana huonja hisabati, sayansi na uhandisi, hufanya kazi katika maabara, ndipo huamua. Mitihani aliyoshinda yaweza kuhesabiwa baadaye; naye anayegundua kwamba sayansi si njia yake huondoka bila aibu.

Kwetu, mara nyingi diploma ya taifa ikitoka leo, kesho jamaa imekwisha kuchagua kitivo. Mtoto akishindwa, mwaka umepotea, na feza zilizolipwa hazirudi. Twaona kwamba muda wa kutafuta si muda wa kupotea. Tuwaombe wazazi na vyuo vyetu nafasi hiyo. Na kabla haijapatikana, tuwaulize wahandisi walio katika parokia zetu kazi yao ilivyo kila siku.